Bastola ya Wynona

Thurman Ogletree alivuta kifyatulio kwa kidole chake cha mwisho, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Bastola ilikuwa tupu. Ikalia tik.

"Ngumu," akasema, akairudisha juu ya kaunta.

Delbert, mwenye duka, akashusha pumzi. Tangu afungue mlango alikuwa akimtolea mzee huyu bastola moja baada ya nyingine, zote za risasi ndogo za saizi ya ishirini na mbili, zile ambazo watu wa sehemu hiyo ya Oklahoma hununua kwa kazi moja tu: kupigia makopo matupu Jumapili baada ya kanisa. Wateja wengine huchagua kabla soda haijaisha ubaridi. Huyu alichagua kama mtu anayeozesha binti.

"Kwa kidole hicho lazima iwe ngumu, mzee. Wenzako wanatumia cha shahada."

"Vidole vya mke wangu vinamuuma. Asubuhi hata kifuniko cha birika kinamshinda."

"Kumbe ni ya mama!" Skeeter akadakia kutoka kwenye stuli. Skeeter hakuwa mfanyakazi wa duka, na hakuna aliyewahi kumwona akinunua kitu. Alikaa pale kila siku chini ya kichwa cha kulungu kilichokaushwa, akinywa kahawa ya bure na kugawa ushauri. "Mpe ile yenye mpini wa rangi ya waridi, Delbert. Wanawake wanaifia."

"Inapiga wapi?" Thurman akauliza.

"Inapiga wapi kivipi? Inapiga mbele!"

Skeeter alicheka mpaka akapaliwa. Delbert akatoa nyingine. "Hii inabeba risasi tisa. Nyingi zinabeba sita."

"Chukua ya tisa," Skeeter akasema, sasa uso umekuwa wa mambo mazito. "Serikali ikija mlangoni, sita hazitoshi."

"Hiyo hata kindi inamkera tu," Delbert akamwambia. "Wewe serikali utaifanyaje?"

"Moja inamtosha," Thurman akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Moja, mzee? Risasi moja?"

"Moja ikienda vizuri, inatosha. Naomba nione zinavyopiga."

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja mdogo wa shabaha. Delbert akampa bastola, Thurman akairudisha kwa mikono miwili kama aliyepewa nyoka.

"Piga wewe. Mimi bunduki siziwezi. Kazi yangu ni makopo."

"Jamani!" Skeeter, aliyewafuata na kikombe chake, akashika kichwa. "Mke anapiga, mume anapanga makopo! Nchi hii imekwisha."

Delbert akaegemeza mkono juu ya mfuko wa mchanga, akapiga, akaivuta karatasi. Matundu yalikuwa yametawanyika, lakini yote yangefunikwa na kiganja. Thurman aliyapima kwa vidole vyake, na rangi ikamtoka usoni.

"Haifai."

"Mzee wangu, tunazungumzia kopo! Ikipita vidole viwili pembeni, kopo litakwenda mahakamani?"

"Kopo haliendi," Thurman akakubali. "Lete nyingine."

Nyingine ilikuwa na mtutu mrefu na kifyatulio laini, na alama yake ya kulengea iliweza kurekebishwa kwa bisibisi. Safari hii matundu yalikumbatiana. Thurman akasogea karibu mpaka pua ikagusa karatasi.

"Ziko chini kidogo," akasema. "Juu sina neno. Chini hapana."

Delbert akageuza skrubu, akapiga tena. Thurman akatoa sarafu mfukoni, akaiweka juu ya matundu, na hakuna tundu lililochungulia. Akaketi kwenye benchi, akajifuta jasho la shingo.

"Hiyo hiyo."

"Asante Mungu," Delbert akasema.

"Mtu hata mke hachagui hivyo," Skeeter akasema.

"Mke nilimchagua haraka," Thurman akamjibu. "Ndiyo maana bastola siwezi."

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Wynona alikuwa akimngoja kwenye nyasi nyuma ya nyumba, amevaa buti zake nyekundu. Alipofungua boksi, mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Ilipoishika bastola, ikatulia kabisa. Thurman aliijua hali hiyo. Mwili mzima ulinyooka, akawa tena yule msichana aliyekuwa akishangiliwa majukwaani kwa shabaha yake, na ndiyo sababu mwaka baada ya mwaka Thurman alishindwa kumwambia waache.

"Nyepesi!" Wynona akasema. "Ile ya zamani ilikuwa imeanza kuvuta kulia."

"Nilihisi."

"Maonyesho ya kaunti ni wiki ijayo. Wameshatutangaza redioni."

"Nimesikia. Vidole vinasemaje leo?"

"Vinasema uache maswali."

"Na macho?"

"Thurman. Kama hutaki, sema."

Thurman alimtazama mkewe. Alikuwa amependeza, amesimama pale na mashavu yamepata rangi, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Nani kasema sitaki?" akajibu.

Akachukua kopo tupu la maharagwe, akapita katikati ya nyasi bila haraka mpaka kwenye uzio. Palikuwa na nguzo nzuri pale, bapa juu, inayotosha kopo. Akaipita, akageuka, akasimama wima, akaliweka kopo kichwani pake.