Nguruwe wa Mapokezi

Kapitolina alikuwa akipaka mafuta masikio ya kitoto cha nguruwe yasiungue ndani ya oveni, ofisa wa zamu alipoingia jikoni. Kambini kwetu, kwenye Bahari ya Barents, nyambizi ikirudi salama nahodha hukabidhiwa nguruwe mzima wa kuokwa palepale gatini. Mume wa Kapitolina alikuwa fundi mitambo katika nyambizi ya kurudi leo.

"Mkatekate tu, dada. Wape vijana wa hapa kambini kwa chakula cha mchana."

"Kwani wamechelewa?"

"Hakuna nyambizi iliyotarajiwa leo."

Kapitolina alifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Basi huyu uliyeniagiza mwenyewe asubuhi, nimemwokea nani?"

Ofisa alivua kofia, kama aliye msibani. Kisha akaikumbuka amri aliyopewa ya kutoitaja nyambizi hiyo, akaivaa kofia tena.