Msichana wa Tisa

"Wako wanane tu!" mama mkwe wa Revati alifoka, bakuli la maji mkononi, katika ua wa hekalu la mungu wa kike Devi, juu kilimani. "Wa tisa amepatwa na homa leo leo?"

Katika ibada ya siku hiyo, wasichana wadogo tisa ndio Devi mwenyewe. Huoshwa miguu, hulishwa, husujudiwa. Wanane hawatoshi.

Akaangaza macho, yakatua kwa mjukuu wake. "Haya, kileteni hicho. Kitafaa."

Hicho! Damu ilimchemka Revati. Tangu amzae binti huyu, mama mkwe hajampakata hata siku moja. Kila mwaka alipanda kilima hiki kumwomba Devi mjukuu wa kiume.

Mtoto alikalishwa na wenzake. Ilipofika zamu yake, bibi alipiga magoti, akaisugua miguu midogo iliyoganda matope ya njiani, akainamisha kichwa hadi kwenye vidole vyake. Akangoja kubarikiwa, majirani wakitazama.

Mtoto akainua mkono ambariki. Revati akaudaka.

"Bado, mwanangu. Kwanza bibi akuite jina lako."

"Revati, usinitie aibu mbele za watu!"

"Jina tu, Mama. Mnaishi nyumba moja mwaka wa tano huu."

Bibi akawatupia majirani jicho la pembeni, kama anayetafuta wa kumsaidia. Maji yakamtiririka mtoto vidoleni mwa miguu, yakamlowesha bibi paji la uso.

Mtoto akamwonea huruma, akamwinamia sikioni.

"Thubutu!" Revati akasema. "Usimwambie."