Ukuta Uliolala

Sikudhani aliining'iniza timazi juu ya ukuta, na kile chuma cha mwisho wa uzi kikasimama mbali na matofali ya chini, kiganja kizima.

"Machano, ukuta umelala."

"Upepo huo unausukuma uzi," mumewe akasema, akabandika tofali jingine.

Upepo gani? Hata majani ya mpapai yalikuwa yametulia.

"Ubomoe, udongo bado mbichi."

"Sibomoi! Mtaa mzima ulisema sitajenga. Mimi nikitia nia, sirudi nyuma."

Hasira zikampanda Sikudhani. Chini ya ukuta huo huo, upande ulikoinamia, Machano alikuwa ameshachora kwa mkaa mahali pa kitanda cha mtoto wao.

"Mwenye nia anataka nyumba," akasema. "Wewe unautaka ukuta huu tu, kwa kuwa umeujenga wewe."

Machano akasonya, akachota udongo.

Sikudhani akazunguka, akaweka viganja vyote viwili ukutani, akasukuma. Matofali yakaporomoka juu ya ule mchoro wa mkaa.

"Una wazimu wewe?"

Sikudhani alikuwa ameshapiga magoti, akikwangua udongo kwenye matofali kabla haujakauka, akiyapanga pembeni. Kisha akasimama, akaiokota timazi, akainyanyua mbele ya uso wa mumewe.

Chuma kikayumba, kikayumba kidogo, kikatulia tuli. Machano, mwiko mkononi, alikuwa bado anautafuta upepo.