Korongo na Goti Lake

Nyani, nahodha wa timu ya kikapu, alikuwa amechoka kumfunga bendeji Korongo, mkongwe asiyemaliza msimu bila kuumia goti.

"Mzee, pumzika sasa, tuingize damu changa."

"Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu. Niachie fainali hii tu."

Akaachiwa. Dakika ya mwisho, wakiwa nyuma kwa pointi moja, goti likateguka. Fisi, wapinzani wao, wakaangua kicheko. "Mwacheni kiwete huyo, mkabeni Nyani!"

Nyani alipobanwa kila upande, akamrushia Korongo mpira. Korongo akaukunja mguu mbovu, akanyoosha shingo, akautumbukiza mpira kikapuni. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo!

Nyani akaja mbio kumshika asianguke. "Mzee, umewezaje kusimama kwa mguu mmoja?"

"Kwani wewe," akauliza Korongo, "umewahi kuniona nimepumzika kwa miwili?"