Ua wa Saruji

Tangu Bi Mize apige saruji ua wake mzima, kisima chake kilipungua hadi ndoo ikawa inatoka na tope. Cha jirani yake Mwanakheri kilikuwa kimejaa, na ua wenyewe mchanga na nyasi tu, kuku wanapekua.

"Maji yangu umeyarogea kwako," Bi Mize alisema, akichota kwa jirani.

"Shoga, mie nimroge nani! Chota, Mungu katupa sote."

Hilo "sote" lilimchoma kuliko tusi.

Alasiri mvua ikashuka. Bi Mize alikaa barazani akitazama ua wake unavyong'aa, safi kama sahani. Ndipo akaona. Hapakuwa na tone lililozama. Maji yote yaliteleza juu ya saruji, yakatokea kwenye tundu la ukuta, na kule kwa Mwanakheri yakatulia kwenye nyasi, yakanywewa na ardhi taratibu.

"Kumbe mie ndiye ninayemjazia kisima!"

Alivua kanga ya mabegani, akaisokomeza tunduni. Maji yakarudi nyuma, yakapanda uani.

"Shoga!" Mwanakheri aliita ng'ambo ya ukuta. "Tundu limeziba, yataingia ndani kwako!"

"Yaingie! Si yangu?"

Yakaingia. Bi Mize alibaki ameinama, ameikandamiza kanga kwa viganja viwili, asigeuke. Nyuma yake, chumbani, godoro la sufi lilikuwa limeanza kuyanywa.