Macho Mia Sita

Siku ya nne ya mgomo, wanafunzi mia tatu wa chuo kikuu cha viziwi walikuwa bado wameketi langoni. Bango lao lilikuwa moja tu: TUNATAKA MKUU KIZIWI.

Profesa Mashauri, mkuu mpya, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alifika na barua yake ya uteuzi mkononi. Kando yake alisimama Bi Yusta, mkalimani wa lugha ya alama.

"Wanangu," alianza, "nipeni mwaka mmoja tu."

Bi Yusta akainua mikono kutafsiri. Tumsifu, msichana aliyeongoza mgomo, akaitazama kwa utulivu, kisha akafumba macho. Jirani yake naye akafumba. Muda si muda, hapakuwa na jicho lililo wazi.

"Wanasali?"

"Hapana, Profesa. Wamekataa kukusikiliza."

"Waambie wafumbue macho!"

"Nitawaambiaje?"

Profesa akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka kutoka paani. Wanafunzi hawakutikisika.

"Sasa mtu akitaka kusema nao, anafanyaje?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Unamgusa mmoja begani, atafumbua," alisema Bi Yusta. "Ila uwe na neno jingine, Profesa. Hilo la mwaka mmoja wameshaliona."

Profesa akachuchumaa mbele ya Tumsifu. Aliitazama ile barua kwa muda mrefu, akaiweka chini vumbini. Kisha akanyoosha mkono, ukasimama hewani, upana wa kidole kutoka begani.