Risiti ya Dhapu

Alfajiri Dhapu alipofariki katika wodi ya walioungua, muuguzi alimkabidhi Mangilal mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na bangili nyekundu zilizokatwa, kipande cha mtandio, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Hii karatasi alitukatalia kabisa," muuguzi alisema. "Kila tukibadilisha shuka, ameishika. Ni dua, baba?"

"Ni risiti ya sufuria," alijibu Mangilal.

Kijiji kizima cha Dhanota kiliijua risiti ile. Kwa miaka sita Dhapu alikuwa akizunguka na chama cha kutetea wanunuzi, kila siku ya gulio, akiwafundisha wanawake kusoma tarehe kwenye pakiti, kukagua mizani, na kuigeuza sufuria ya presha kutafuta alama ya ubora. Pushplata, binti wa chama aliyetoka Jaipur, ndiye aliyeeleza mambo ya serikali: Delhi imeamuru sufuria isiyo na alama isiingizwe nchini wala kuuzwa. Dhapu akayaleta jikoni. "Delhi wamefunga mlango," alisema, "lakini panya hapiti mlangoni."

Lililowashinda wanawake lilikuwa risiti. Dhanota kila mwenye duka ni mjomba wa mtu au shemeji wa mtu. Kumdai risiti ni kumwita mwizi mbele za watu.

"Sufuria haina undugu," Dhapu aliwaambia siku moja, wamesimama mbele ya duka la vyombo la pale kona. "Ikipasuka haiulizi umeinunua kwa nani."

"Maneno matupu hayo, dada," Sugna, jirani yake, akamchokoza. "Hapa utathubutu kudai?"

Wakacheka, mitandio mdomoni. Dhapu akafungua fundo la pesa, akalipa, akachukua sufuria, kisha akanyoosha kiganja na kungoja. Mwenye duka aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Hata kitabu cha risiti hakuwa nacho. Alichana ukurasa wa daftari, akaandika, akatia sahihi. Wanawake wakapiga makofi.

Siku hiyo peke yake, Dhapu hakuigeuza sufuria.

Ilipasuka mwezi wa pili tangu inunuliwe, dengu zikiwa motoni. Aliishi siku kumi na tisa. Siku ya kumi alimwita Pushplata, akamtajia malalamiko neno kwa neno ayaandike, akaweka dole gumba la mkono uliosalimika. Hakuomba fidia. Aliomba hukumu ibandikwe sokoni, ili kila aliyenunua sufuria ya aina ile airudishe. Zilikuwa zimeuzwa thelathini na moja.

Baada ya matanga Mangilal alipita nyumba kwa nyumba kuziomba. Walimpa chai na pole. Sufuria hawakumpa. Sugna alikuwa akipika dengu katika ya kwake, wajukuu watatu wamelizunguka jiko wakiota moto.

"Yangu inapiga mluzi vizuri tu, kaka," alisema. "Ajali ni ajali. Nenda kapumzike, una msiba."

Mangilal alisimama mlangoni mpaka sufuria ikateremshwa motoni. Ndipo akaondoka.

"Bila mhuri wa serikali hawatasikia," Pushplata alimwambia. "Na mlalamikaji ndiye huyo amefariki. Mrithi asipojitokeza tarehe nne, faili linafungwa. Hakuna atakayekulaumu, baba. Wewe hasa."

Jioni ya tarehe tatu Ghisulal, kaka yake Dhapu, alimkuta uani akipaka viatu rangi.

"Shemeji, liache hili. Hukumu ikitoka, duka lile limekufa. Watoto watakula nini?"

"Watoto wamekua."

"Marehemu mwenyewe alishasamehe. Nilikuwepo pale kitandani. Machozi aliyafuta kwa bandeji yake."

"Alimsamehe mtu," Mangilal alisema. "Duka hakulisamehe."

Ghisulal aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama akisugua kiatu kimoja ambacho kilikuwa kimeshang'aa zamani.

"Zamani ulikuwa mkaidi kidogo tu," alisema hatimaye. "Huu mwingine umeurithi kwake."

Asubuhi Mangilal alivaa shati jeupe, risiti mfukoni, akaenda kungoja basi. Duka la vyombo la pale kona lilikuwa limefungwa tangu siku ya mlipuko. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye kufuli. Alilipita bila kugeuka.

Chumba cha tume ya wanunuzi, mjini, kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka kwa kulalamika. Watu walikuja na pasi zilizoungua, mbegu zisizoota, simu zilizokufa. Pushplata aliketi kando yake, macho sakafuni. Hakimu alipoingia kila mtu alisimama, kisha kila mtu akaketi. Zamu yao ilifika karibu saa sita.

Karani alifungua faili. "Dhapu Devi, marehemu. Mrithi yupo?"

Mangilal akasimama. "Nipo. Mimi ni mumewe."

"Unaendelea na malalamiko, au unayaondoa?"

"Naendelea."

Hakimu akaandika. Karani akaipokea risiti, akainyoosha juu ya meza kwa viganja viwili, kisha akamwashiria mzee akae. Mangilal hakukaa. Karani akadhani hakuona ishara, akamwashiria tena, na aliposhindwa akaendelea na kazi yake.

"Mlalamikiwa," akasoma, "mwenye duka la vyombo, Dhanota. Yupo?"

"Nipo," alisema Mangilal.

Shauri litasikilizwa tarehe kumi na nane. Pande zote mbili zimeagizwa kufika.